Kidole cha Kaka

Kama hukunisoma wiki iliyopita, hukukosa furaha yoyote. Ulikosa tu kuniona nikishuka kwenye pikipiki ng'ambo ya Kasesya, ndani ya Zambia, nimevaa shati nililofungia ndoa, nimekuja kumrudisha mke wangu Kalista aliyenikimbia na mtoto wetu Edith. Ulikosa kumsikia baba mkwe, mzee Alphonce, akiniambia mbele ya watu kwamba sitoki na mtu hapo mpaka nimalize mahari niliyokuwa naahidi tangu Edith hajazaliwa. Nilipe kwa kwacha, kesho yake Jumamosi, wazee wakiwa wamekaa. Nisipolipa, Kalista atabaki kwao moja kwa moja, na mtoto pia.

Na mimi, bwege wa Majengo, nikajibu kifua mbele: "Baba, hela ipo. Ipo kwenye simu."

Mzee Alphonce aliitazama simu, akanitazama mimi, akacheka kwa pua.

"Hiyo ndiyo itanipa kwacha?"

"Ndiyo, baba. Asubuhi nabadilisha kwa Christopha."

"Sawa. Ila nisikilize vizuri, mkwe wangu. Hela yenye maneno haiingii kwangu. Mume wa dada yake Kalista aliniletea ng'ombe, haijapita wiki akaja mtu na fimbo anadai ng'ombe ni wake. Nikamrudishia ng'ombe wake. Binti yangu naye nikamrudisha nyumbani. Huyo hapo, anatwanga."

Nikageuka. Dada yake Kalista alikuwa anatwanga kweli, wala hakuinua macho.

Najua mnachouliza. Mtu mzima, mfanyabiashara wa mpunga, unavukaje mpaka na hela kwenye simu? Kwa nini hukubadilisha pale pale Kasesya?

Nilitaka. Vijana wa chenji walinizunguka kabla sijashuka, kila mmoja na bunda lake la kwacha. Walitaja bei, nikaona wananinyonya. Nikabishana nao mpaka mate yakanikauka. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa anafunga magunia akaniambia, "Unakwenda kwa akina Alphonce? Kule yuko Christopha. Unamrushia shilingi kwenye laini yake ya Tanzania, yeye anakupa kwacha mkononi. Bei yake nzuri, na huna haja ya kutembea porini na mfuko umevimba."

Nikaona huyo ndiye mwenye akili. Nikawaacha wale vijana wakinitukana kwa lugha mbili.

Baba mkwe alipokwisha kunitajia siku, mtandao ukaja kidogo, nikampigia kaka yangu Oswaldi aliyekuwa Sumbawanga. Nikamwambia Jumamosi wazee wanakaa, aje kama mkubwa wangu, anisemee. Akasema ana kazi. Akanitakia heri. Mimi nikamshukuru.

Jioni ile Kalista aliniletea ugali wa ulezi na majani ya kunde, akauweka chini bila kunikaribisha. Nikajua sijasamehewa.

"Baba Edith, hela iko kwenye laini ipi?"

"Ile ile."

"Ile ya Oswaldi?"

"Ni yangu, mama Edith. Namba yangu, hela yangu. Kidole tu ndicho cha kaka."

"Kidole tu." Akavuta kitenge chake begani. "Na nyumba ya Majengo ina jina la nani?"

"Usianze."

"Pikipiki? Shamba la Milepa?"

Nikamega tonge. Nikalichovya kwenye majani.

"Niliondoka kwako kwa sababu hiyo, na wewe umekuja kunichukua na hiyo hiyo," akasema. "Hivi huoni, Yusto? Iko siku mtaniandika na mimi kwa jina lake."

Alinitaja jina. Kalista hanitaji jina ila akiwa amenichoka.

Sasa niwaeleze kuhusu hicho kidole, maana bila hicho hamtaelewa kisa. Kaka Oswaldi ndiye aliyenilea baba alipofariki. Ulipofika wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, mimi nilikuwa Milepa nanunua mpunga, na kitambulisho changu kilikuwa hakijatoka. Kaka akasema, "Usihangaike, mdogo wangu, nitaweka changu." Akaweka. Nilipopata nyumba ya kununua, muuzaji akataka mtu mwenye kitambulisho. Kaka akaweka jina. Pikipiki ikaja hivyo hivyo, na shamba likafuata.

Kitambulisho changu kilitoka baadaye, kipo nyumbani sandukuni. Lakini niambieni, nyie mnaonicheka: kwetu Ufipa unamwendeaje mtu aliyekulea, umwambie, "Kaka, naomba mali zangu zirudi kwenye jina langu"? Ni sawa na kumwita mwizi hadharani. Atakwenda kwa shangazi, shangazi atakwenda kwa katekista, na kabla Jumapili haijafika ukoo mzima utasema hela zimempanda Yusto kichwani. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa heshima, na heshima yenyewe ndiyo hii mnayoisoma gazetini.

Asubuhi nikaenda kwa Christopha. Ofisi yake ni kichuguu. Msidhani natania. Ni kichuguu kikubwa kilicho pembeni ya uwanja wa mkwe wangu, kimechongwa ngazi ubavuni, na juu yake mnara wa Tanzania unashika bila shida. Chini uwanjani mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka. Christopha ni mtoto wa shangazi yake Kalista, na kodi ya kichuguu humlipa mzee Alphonce kwa sukari na sabuni.

"Karibu, shemeji," akasema. "Panda. Usikanyage hapo, panabomoka."

Nikapanda. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Akanitajia bei yake ya kwacha, na kweli ilikuwa nzuri kuliko ya mpakani. Moyo ukatulia. Akatoa bunda kwenye soksi, akalishika mkononi.

"Angalia salio kwanza, shemeji, tusije tukapanda huku bure."

Nikaangalia. Hela yote ilikuwepo, mpunga wangu wote wa msimu, haikupungua senti. Nikamwonyesha. Akaguna kwa heshima.

"Haya, rusha."

Nikaandika namba yake. Nikaandika kiasi. Nikaweka namba ya siri. Simu ikafikiri, ikafikiri, halafu vile vijiti vya mtandao pale juu vikatoweka kimoja baada ya kingine.

"Mtandao umekata," nikasema.

Christopha akatazama simu yake. "Kwangu umejaa."

Nikazima, nikawasha. Nikatoa laini, nikaipangusa kwenye shati, nikairudisha. Nikainua simu juu ya kichwa, nikazunguka juu ya kile kichuguu huku watoto wa pale wakicheka chini. Hakuna. Laini ilikuwa imekufa kabisa.

"Shemeji," Christopha akasema taratibu, "laini hiyo imesajiliwa kwa jina lako?"

Nikaigeuza simu mkononi.

"Chukua yangu. Jipigie."

"Nijipigie?"

"Piga namba yako mwenyewe. Tusikie."

Nikapiga. Nikiwa na simu yangu mfu mkono wa kushoto na simu ya Christopha sikioni, nikasikia namba yangu inaita.

Ikapokelewa.

"Haloo?"

Sauti hiyo naijua tangu nabebwa mgongoni. Ilikuwa ya kaka Oswaldi.

"Kaka?"

"Ah, Yusto! Umenipigia kwa namba ya nani hii?"

"Kaka, wewe ndiye wa kuniuliza namba ya nani?"

Akacheka, kicheko chake cha kanisani. "Tulia, mdogo wangu. Nimekwenda dukani, nikawaambia laini yangu imepotea. Nikaweka kidole, wakanipa nyingine. Namba ya siri wakanibadilishia. Kila kitu kimekwenda vizuri."

"Kimekwenda vizuri wapi? Mbona hela ni yangu!"

"Nani amesema siyo yako? Mimi nimeokoa tu. Ungewapa wakwe hela yote kwa hasira za mwanamke. Wewe huna kifua cha kukaa na wazee wa Zambia. Hela iko salama, kaa kimya, usiniharibie."

"Kaka, leo ndiyo siku yenyewe. Nisipolipa leo nimemkosa Kalista. Na Edith."

"Kaa kimya, nimesema. Unamfokea nani, mimi?"

Mkiniuliza kwa nini niliposikia hivyo niliteremsha sauti, sina jibu la maana. Niliteremsha. Nikasema, "Samahani, kaka." Mtu ameniibia, nikamwomba samahani. Kisha akakata.

Christopha alirudisha bunda lake kwenye soksi. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Usiwaambie," nikamwambia.

"Mimi sisemi, shemeji. Lakini Kalista alikuwa anatutazama toka jikoni muda wote."

Mchana wazee wakakaa. Walitandika mikeka uwanjani, jirani kabisa na kile kichuguu, na katikati wakaweka sahani nyeupe iliyofunikwa kitambaa. Sahani hiyo ndiyo ya kupokelea mahari. Mama mkwe alikuwa ndani kwa adabu ya ukwe, lakini kikohozi chake tulikisikia dirishani. Kalista alikaa mlangoni na Edith mapajani.

"Mkwe," mzee Alphonce akaanza, "sahani ile pale."

"Baba, naomba mnivumilie kidogo."

"Tukuvumilie mpaka Edith aolewe?"

Wazee wakacheka. Mmoja akataka niiwashe simu niliyojivunia jana. Nikaiwasha. Akaipokea, akaigeuza huku na huku, akaitikisa sikioni.

"Sisikii kwacha humu."

Wakacheka tena, mpaka wanawake waliokuwa jikoni wakacheka. Edith naye akacheka, kwa kuwa watu wanacheka. Ningekuwa na mahali pa kuufukia uso wangu ningeufukia.

"Basi nadhani tumemaliza," mzee Alphonce akasema, na kicheko kikamtoka usoni. "Binti yangu atabaki. Mtoto atasoma hapa. Wewe lala, ule, kesho urudi kwenu salama. Sisi si watu wabaya."

Alikuwa ameshika magoti anataka kuinuka. Hapo hapo ikasikika pikipiki.

Akashuka kaka Oswaldi. Alikuwa amevaa koti lake refu la sherehe, viatu vinang'aa juu ya vumbi la Kasesya. Akavua kofia, akachuchumaa pembeni ya mkeka, akapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, salamu ya heshima kama wazee wetu walivyotufundisha. Wazee wa pale wakamwitikia kwa makofi, nyuso zimewalainika. Mimi tangu jana hakuna aliyeniitikia hivyo.

"Shikamooni, wazee wangu. Mimi ndiye Oswaldi, mkubwa wa huyu. Naomba radhi kwa kuchelewa. Mdogo wangu amekwama, na mdogo akikwama, mkubwa hawezi kulala."

Akatia mkono ndani ya koti. Akatoa kwacha. Bunda jipya, limefungwa kwa mpira, bado lina mikunjo ya mifuko ya wale vijana wa Kasesya. Amebadilisha kwa bei ile ile niliyoikataa, nikawaza. Hata hasara amenilia kwa niaba yangu.

Akafunua kitambaa, akaweka bunda kwenye sahani.

"Mahari yote iliyobaki. Na juu yake faini ya usumbufu. Mimi nimelipa."

Mimi nimelipa. Alilitamka hilo neno akinitazama machoni, wala hakupepesa. Nami niliyajua magunia ya mpunga niliyoyabeba mgongoni kule Muze, matope ya magoti, mbu, wadai wa usafiri, yote yamekaa pale kwenye sahani, yameitwa mimi nimelipa.

Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Sasa huyu ndiye mwanamume." Mzee Alphonce akamshika kaka mkono kwa mikono miwili.

"Yusto," akaniambia, "una kaka. Wangapi wana kaka wa namna hii? Mshukuru."

Wote wakanigeukia.

Nikafikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri maishani. Nikisema hela ni yangu na huyu kaniibia, ndiyo hiyo hela yenye maneno. Mzee ataisukuma sahani, na Kalista ataungana na dada yake kwenye kinu. Nikinyamaza, namchukua mke wangu na mtoto wangu leo hii. Kinachotakiwa ni makofi tu.

Nikachuchumaa mbele ya Oswaldi. Nikakunja viganja, nikampigia makofi. Nilimshukuru kwa jasho langu mwenyewe, na machozi yakanitoka, na wale wazee wakadhani ni ya furaha.

"Amina, mdogo wangu," kaka akasema, akanigusa kichwani. "Ndiyo kazi yetu sisi wakubwa."

Mzee Alphonce akanyoosha mkono kuelekea sahani, halafu akausimamisha hewani.

"Bado neno moja. Sisi hatupokei mpaka mwenyewe akubali. Kalista, mwanangu, njoo. Tuipokee hela hii?"

Kalista akamkabidhi dada yake mtoto. Akaja taratibu, akapiga magoti kwa baba yake, halafu akainuka. Hakunitazama.

"Kaka Christopha," akasema, "nisaidie simu yako."

Christopha alikuwa amesimama nyuma ya watu. Akanitazama, akatazama chini, akampa.

"Simu ya nini tena?" kaka Oswaldi akauliza kwa upole. "Shemeji, wazee wanasubiri."

Kalista akampita. Akapanda zile ngazi za kichuguu, kitenge amekishika kwa mkono mmoja, mpaka juu. Namba yangu anaijua kwa kichwa, ndiyo aliyokuwa akinipigia nilipokuwa nikichelewa kurudi kutoka Muze. Akabonyeza. Akaweka simu sikioni, akatusubiri huko juu kama mtu anayesubiri mvua.

Nilimwomba Mungu mtandao wa pale chini uwe umeondoka. Sijawahi kuomba kwa dhati namna ile hata siku ya kipaimara.

Koti la kaka Oswaldi likaanza kuita.

Mara ya kwanza alijifanya hasikii. Wazee wakatazamana. Akatia mkono mfukoni ili aizime, lakini koti lilikuwa refu, mfuko mrefu, na kidole kile kile kilichoniponza kikawa kinapapasa hakioni kitufe.

"Baba," Kalista akasema kutoka juu, "hiyo ninayopiga ni namba ya mume wangu."

Mzee Alphonce akaurudisha mkono wake kutoka kwenye sahani, akauweka juu ya goti. Mama mkwe aliacha kukohoa.

"Sijaja kumwumbua mtu," Kalista akaendelea, na sasa alikuwa ananitazama mimi peke yangu. "Nataka jibu moja tu. Baba Edith, hela hiyo ni ya nani? Ukisema ni ya Oswaldi, nitasema isipokelewe, maana mimi siwezi kukombolewa na shemeji yangu. Nilishakwambia iko siku mtaniandika na mimi."

"Kalista, mwanangu," mzee akasema, "na akisema ni yake?"

"Akisema ni yake, baba, wewe ndiye unayejua utafanya nini. Lakini mimi nitakuwa nimemsikia."

Nilikuwa bado nimechuchumaa, viganja vimekunjwa kumshukuru mtu. Kaka Oswaldi akainama kunishika bega, kama anayeniinua kwa upendo, akaleta mdomo karibu na sikio langu. Akasema kwa Kifipa cha nyumbani, pole pole, ili nielewe kila neno.

"Jibu vizuri, mdogo wangu. Kumbuka leo mama yetu analala ndani ya ile nyumba ya Majengo, yenye jina langu."

Akaniachia bega. Wazee wote walikuwa wananitazama mdomoni. Edith alikuwa analia mikononi mwa mama yake mkubwa, anataka kuja kwangu.

Nikasimama, nikafungua mdomo. Ndani ya koti la kaka yangu, simu ilikuwa bado inaita.